Virusi Havionekani, Mbona Kifua Hakitulii?

Muulize Sista: barua za mwezi huu

*Asalaam aleikum, sista. Mimi ni shangazi, nipo Oli hapa Arua, Uganda, namlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI (VVU) mwaka 2008 lakini hatukujua. Alipofika darasa la tatu akaugua sana, ndipo wakampima na kumwanzishia dawa. Sasa ni kijana wa miaka 17. Dawa anameza bila kusukumwa, na kila majibu ya damu yakirudi naambiwa virusi havionekani. Lakini kifua! Asubuhi anakohoa makohozi mazito, akipanda kilima kidogo anasimama, mpira ameacha kabisa. Wenzake wamempita kimo, mtu akimwona anadhani ana miaka kumi na miwili. Ametibiwa TB mara mbili. Majuzi, kwenye kituo kimoja, wakataka kumwanzishia mara ya tatu, na makohozi walipoyapima hawakukuta kitu. Jirani ananiambia dawa hizi za miaka mingi ndizo zinazomla mapafu, tumpumzishe kidogo. Kama virusi havionekani, kifua kinaumwa na nini? Shangazi, Arua*

Waaleikum salaam, shangazi. Nianze na huyo jirani, maana maneno yake yakifuatwa yataleta msiba kabla hatujafika kwenye kifua.

Msimpumzishe. Habari ya kupumzisha dawa ilishajaribiwa hapahapa kwetu, na kwa utaratibu wa kitabibu, si kwa porojo za uani. Katika utafiti wa DART, uliofanyika Entebbe, Kampala na Harare, baadhi ya wagonjwa waliokwisha kupata nafuu waliwekewa vipindi vya kupumzika dawa. Mwaka 2006 sehemu hiyo ilikatishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopumzika walikuwa wakipata magonjwa mazito kuliko walioendelea kumeza. Mwaka huohuo utafiti mwingine, SMART, wenye watu zaidi ya 5,000 kutoka nchi nyingi, ulitoa jibu hilohilo. Baadaye walipozipima sampuli za damu wakaona kwamba kwa waliokatisha dawa, viashiria vya mchochota, yaani ule uvimbe na joto ambalo kinga ya mwili huliwasha ikipigana, vilikuwa vimepanda. ARV, yaani hizi dawa za kuzuia virusi, zinaupunguza mchochota. Mwambie jirani hivyo, na umwambie kwa upole, maana nia yake si mbaya.

Sasa kifua. Swali lako nalisikia sana kwenye benchi la kliniki, na majibu wanayopewa watu ni mafupi mno: "TB hiyo," au "ni baridi," au "mvalishe sweta."

Majibu yakisema virusi havionekani, maana yake mashine haikukuta virusi vya kutosha kuhesabika kwenye damu. Ni habari njema kwelikweli. Mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na kinga yake inapata nafasi ya kujijenga upya. Lakini kazi ya dawa ni kuvizuia virusi visizaliane. Vile vilivyokwisha kujichimbia ndani ya seli haiving'oi. Na mojawapo ya maficho yao ni seli za ulinzi zinazokaa ndani kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vya hewa, ambazo shughuli yake ya kila siku ni kumeza vumbi na vijidudu. Seli hizo huishi muda mrefu. Yenye virusi ndani haifi upesi wala haitulii, inaendelea kumwaga kemikali za kuita nyingine.

Halafu kuna utumbo. Watu hunikodolea macho nikitaja utumbo katika maneno ya kifua, lakini nisikilize. Tangu wiki za mwanzo virusi hivi huzivamia seli za kinga ziitwazo CD4, zilizojaa kwenye ukuta wa utumbo, na ukuta huo haurudi kuwa mzima kabisa hata mtu akitumia dawa miaka na miaka. Vipande vidogo vya bakteria wa tumboni vinapenya kuingia damuni, leo, kesho, keshokutwa, na kinga ikivikuta huko inajua imevamiwa. Inapiga mbiu upya kila siku.

Umewahi kupita karibu na tanuri la wachoma mkaa? Limefunikwa udongo na nyasi, mwali huuoni hata mmoja, moshi mwembamba tu juu, na ndani magogo yanaungua usiku na mchana. Mchochota wa mwanao ndio huo. Chembe nyeupe zilizojikusanya mapafuni zinamwaga vimeng'enya vya kuulia vijidudu, na vijidudu visipokuwepo vimeng'enya vinatafuna nyuzi laini za mapafu yenyewe. Palipotafunwa mwili unapaziba kwa kovu. Kovu likikaa kwenye vijibomba vyembamba kabisa vya mwisho, vinasinyaa au vinaziba moja kwa moja. Hewa inaingia kwa shida na inatoka kwa shida zaidi. Kwa vijana waliozaliwa na virusi, kuziba huku ndiko kunakoonekana sana. Wengine tena mirija mikubwa kidogo inapanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo usiku kucha, asubuhi ndiyo hayo unayoyaona kwenye karai.

Kwa nini yeye? Mwaka aliozaliwa, 2008, ndio mwaka ambao utafiti wa CHER wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba mtoto mchanga akianzishiwa dawa mara anapogundulika, bila kusubiri augue, vifo vinapungua kwa 76%. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Lakini mwongozo wa Geneva haupandi basi la usiku la Arua, na mtoto ambaye hakuna aliyempima haumsaidii. Wale waliovuka utoto bila dawa walikaa miaka minane, tisa, virusi vikifanya vipendavyo, tena katika miaka ileile ambayo mapafu ya mtoto yanaongeza vifuko vyake na kutanuka. Juu yake weka nimonia za utotoni. Chanjo ya nyumokoka, bakteria wa nimonia, iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2013, yeye ameshakuwa mkubwa. Juu yake tena weka TB, kama kweli ilikuwa TB mara zote mbili, maana TB hupona na kuacha makovu. Hata huo ufupi wake umo humohumo: mwili unaopigana bila kupumzika, na unaotumia nguvu nyingi kuvuta pumzi tu, unabaki na kidogo cha kurefushia mifupa.

Kwa hiyo kinachomuumiza ni makovu ya zamani pamoja na mchochota unaoendelea chinichini. Ni kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile, hakuna kipimo cha kituoni kitakachokuambia.

Kuhusu TB ya tatu. Sisi wahudumu tuna ugonjwa wetu: kadi ikiwa na VVU na kikohozi, kalamu inaandika TB yenyewe. Eksrei nayo inatupoteza. Makovu ya zamani yanatokea kama madoa, tunashtuka. Vijibomba vilivyoziba huenda visitokee kabisa, tunasema mapafu safi. Picha inayovifichua ni ya sitiskani (CT scan), ambapo mapafu yanaonekana yana viraka, hapa pamenasa hewa, pale hapana.

Simwambii mtu akatae dawa za TB. TB kwa mwenye VVU inaua, na kuna wakati makohozi hayaonyeshi kitu na ugonjwa upo. Ila kabla ya kumeza miezi sita mingine una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, safari hii mmeona nini kipya?" Homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, uzito kushuka ndani ya wiki chache, damu kwenye makohozi, doa ambalo kwenye eksrei ya mwaka jana halikuwepo: hayo ni ya kushughulikiwa upesi hata kipimo kikiwa hasi. Kikohozi kilekile cha siku zote, ambacho dawa za TB hazikukigusa mara mbili, hicho kinaomba uchunguzi mwingine. Na zile eksrei za zamani usizitupe, zilaze chini ya godoro zisikunjike, uende nazo. Daktari asiye na picha ya kulinganisha anabahatisha.

Kuna mawili unaweza kuyatazama mwenyewe nyumbani. La kwanza, akiwa ameketi ametulia na hajui kama unamhesabu, tazama tumbo linavyopanda na kushuka kwa dakika nzima ya saa. Kijana wa umri wake akitulia huwa hazidi pumzi 20 hivi. Ukimkuta na 25 na zaidi, siku baada ya siku, mapafu yanafanya kazi ya ziada. La pili, mwambie agusanishe kucha za vidole viwili vya shahada, kucha kwa kucha, ainue mikono kwenye mwanga wa dirisha. Kwa mtu mwenye afya, penye mashina ya kucha panabaki kitundu kidogo cha pembe nne ambacho mwanga unapita. Kitundu kikiwa kimezibika na ncha za vidole zimevimba, kifua hicho kimekuwa kigonjwa kwa muda mrefu. Yaandike yote mawili kwenye daftari lake la kliniki, kwa tarehe.

Kituoni, omba wambane kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, akiwa ameketi, kisha tena baada ya kutembea uani dakika sita. Hii ya pili husahauliwa. Yupo mgonjwa ambaye akiketi anasoma asilimia 96, na akizunguka jengo anarudi na 87, midomo imepauka, na miezi yote hiyo aliambiwa yuko sawa kwa kuwa kila mtu alimpima ameketi. Chini ya 92 akiwa ametulia, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni oksijeni na kitanda.

Kisha omba rufaa ya spirometri, kipimo cha nguvu ya kupuliza. Anzia hospitali yenu ya rufaa ya mkoa. Wasipokuwa na mashine, kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, ipo Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kazi yao ndiyo hii. Kipimo hakiumi ila kinachosha. Anaketi wima, pua inabanwa, midomo inaushika mrija wa karatasi sawasawa, anavuta hewa mpaka mwisho, halafu anapuliza kwa nguvu zake zote kwa mkupuo mmoja, na mwenye mashine amemsimamia anapiga kelele: puliza, puliza, puliza, usiache, bado, bado! Mwenye mapafu mazima anamaliza karibu yote mwanzoni tu. Mwenye vijibomba vilivyobana, sekunde ya kwanza kinatoka kidogo, kisha pumzi nyembamba inaendelea kuvuja sekunde ya nne, ya tano, ya sita, shingo imemkaza, na mstari kwenye skrini unabonyea kuelekea ndani. Anarudia si chini ya mara tatu, anavutishwa salbutamoli, dawa ya kutanua mirija, anasubiri robo saa, anapuliza tena. Kwa mtu mzima, hewa ya sekunde ya kwanza isipofika 70% ya yote aliyotoa, hata baada ya salbutamoli, tunasema mirija imebana. Kijana hulinganishwa na wenzake wa umri na kimo chake, kwa hiyo hakikisha kimo wamekipima siku hiyo, wasiandike cha mwaka juzi.

Tiba? Ya kufuta makovu haipo. Waliojaribu kuupoza mchochota kwa dawa ni wenzetu wa Harare na Blantyre, katika utafiti uitwao BREATHE, uliotangazwa 2020. Watoto na vijana 347, wa miaka 6 hadi 19, wote wenye VVU na ugonjwa sugu wa mapafu kama wa mwanao, walipewa azithromaisini au kidonge kisicho na dawa, mara moja kwa wiki, kwa wiki 48. Nguvu ya kupuliza haikuongezeka. Lakini vipindi vya kuzidiwa, kile kifua kinapochafuka ghafla mtoto akakimbizwa hospitali, vilipungua kwa waliopata dawa. Kwangu mimi hilo si dogo, maana kila kuzidiwa kunaongeza kovu. Hata hivyo usiende kuinunua famasi. Ni antibayotiki, ikitumiwa ovyo bakteria wanaizoea, na ikimezwa na mtu mwenye moyo wenye kasoro inaleta mengine. Mpelekee daktari wa mapafu hoja hiyo, aamue yeye.

Mengine ni ya kila siku. Salbutamoli kama spirometri imeonyesha inamfaa, maana wengi wao haiwasaidii. Septrini, ile dawa ya kukinga maambukizi, asiache mpaka kliniki waseme. Makohozi ayatoe asubuhi kabla ya chai: alale kifudifudi, mto chini ya nyonga, umgongegonge mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, ateme. Asilale kwenye chumba cha jiko. Na wamtazame moyo, hasa miguu ikianza kuvimba, kwa sababu moyo unaosukuma damu kupitia mapafu yenye makovu huchoka upande wa kulia.

Jambo moja hukuliandika, shangazi. Je, mwenyewe anajua anameza dawa za nini? Kwa miaka 17 anapaswa kujua, na asikie kutoka kwako au kwa mshauri wa kliniki, asije akasoma kwenye kadi. Na mwalimu wake ajue, walau, kwamba ni mgonjwa wa mapafu. Kijana anayechelewa darasani kwa sababu alisimama njiani mara tatu kuvuta pumzi hastahili kuchapwa.

*Sista, mimi dereva wa lori, nipo Malaba, miaka 52. Niligunduliwa 2005, sasa nipo mstari wa pili wa ARV, atazanaviri na ritonaviri. Sigara nimevuta tangu ujana, siku hizi nimepunguza. Kifua kilinibana, mwenzangu wa Mombasa akanielekeza inhela ya zambarau, ina flutikasoni na salmeteroli. Naipata famasi bila maneno mengi, na inanisaidia. Lakini uso umekuwa wa mviringo, tumbo limetoka, mapaja yamekonda, nikigongwa kidogo napata bluu, na juzi sukari ilisoma juu. Ni uzee au ni ARV? Dereva, Malaba*

Kaka, si uzee. Ni inhela yako na ritonaviri zimekutana kwenye ini.

Flutikasoni ni steroidi, dawa ya kupoza mchochota inayofanana na homoni ya mwili wenyewe. Kwa kawaida kiasi kidogo kinachoponyoka kuingia damuni hupita kwenye ini na kuvunjwavunjwa hapo. Ritonaviri inakifunga kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Ndiyo maana ipo kwenye kidonge chako, ili atazanaviri isivunjwe upesi. Basi na flutikasoni nayo haivunjwi. Inarundikana wiki hadi wiki mpaka mwili wako uko kama wa mtu anayemeza steroidi kila siku, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya asili, zinaona hazina kazi na kulala.

Kwa hiyo sikia vizuri: usiitupe inhela leo kwa hasira. Ukiikata ghafla na tezi bado zimelala, unaweza kuanguka kwa kizunguzungu, kutapika na presha kushuka, na ukiwa njiani usiku na kontena nyuma hilo si jambo la kufikiria. Wala ARV usiziache. Wiki hii, zichukue zote mbili, inhela na kopo la vidonge, uziweke mezani kwa daktari wako wa VVU na umsomee barua hii. Huenda akakuhamishia beklometasoni, ambayo haigombani sana na ritonaviri, au dawa ya kutanua mirija isiyo na steroidi kabisa, au akaangalia kama mstari wako wa dawa unaweza kubadilishwa. Budesonidi usikubali, ina tatizo lilelile. Na salmeteroli pamoja na ritonaviri huyumbisha mapigo ya moyo, hiyo nayo aijue. Sindano ya triamsinoloni ya goti au bega, nayo ni steroidi, ambayo madereva mnaipenda, iweke kwenye orodha hiyohiyo ya mambo ya kuuliza kwanza. Wanaotumia ARV ya dolutegraviri bila ritonaviri hawana kesi hii.

Kuhusu kupunguza sigara. Mimi nimekulia Bombo, pembeni ya kambi, kwa wazee waliowasha ya kwanza kabla ya adhana ya alfajiri, na kila mmoja alikuwa "amepunguza". Katika utafiti wa START, watu zaidi ya 1,000 wenye VVU walipimwa kwa spirometri wakati wengine wameanzishiwa dawa mapema na wengine wamecheleweshwa. Katika miaka miwili hivi ya kuwafuatilia, kasi ya mapafu kushuka haikutofautiana. ARV zimekuokoa na mengi, kaka, lakini zenyewe peke yake hazitayalinda mapafu yako, na kwa mwenye VVU moshi wa sigara unayaharibu upesi zaidi kuliko kwa asiye nayo, saratani ya mapafu ikiwemo. Hizo unazoziita chache, ziache zote. Na hata wewe hujapulizishwa spirometri. Umejitibu kwa ushauri wa Mombasa.

*Sista, nipo Masindi, natumia ARV mwaka wa sita. Nimesikia redioni kwamba mwenye virusi anakuwa na mchochota mwilini hata akiwa mzima. Je, kuna kidonge cha kuuzima? Nimekuwa nikinywa diklofenaki, ile ya maumivu, kila kifua kikiuma, na kitunguu saumu asubuhi. Mama Masindi*

Kitunguu saumu cha mchuzi endelea nacho, hakina kosa. Diklofenaki acha. Ukitumia ARV iitwayo tenofoviri, ambayo wengi wetu tunayo ndani ya kile kidonge kimoja cha siku, na juu yake ukamwaga diklofenaki mara kwa mara, figo ndizo zitakazolipa. Kifua kikiuma tumia parasetamoli, kisha uende uonwe kinauma kwa nini. Prednisoloni ya dukani, steroidi ya kumeza, ndiyo mbaya zaidi: inauzima mchochota pamoja na kinga inayoizuia TB.

Kidonge cha mapafu hakijapatikana. Cha moyo kipo: utafiti wa REPRIEVE, watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha mwaka 2023 kwamba pitavastatini, dawa ya kupunguza mafuta ya damu, ilipunguza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa 35%. Ila huo ni moyo, tusiuhamishie kifuani.

Kwa kuwa uko Masindi, nina neno moja la nyumbani kwenu. Watafiti wa FRESH AIR waliwapulizisha watu 588 wa vijijini huko, wenye zaidi ya miaka 30, na matokeo yakatoka mwaka 2015: 16.2% walikuwa na mapafu yaliyobana kwa kudumu, wanawake wengi miongoni mwao wakiwa hawajavuta sigara hata siku moja. Waliokuwa wakivuta moshi wa kuni karibu kila siku walikuwa zaidi ya tisa kwa kila kumi. Jiko litoke nje, chini ya kipaa. Kuni zikauke kabla ya kuingia motoni. Maharage uyaloweke usiku ili yasikae motoni nusu siku. Hayo utayaanza leo bila kuandikiwa na mtu.

*Sista, nina miaka 21, nasoma Jinja. Nimezaliwa na VVU. Waliniambia nina mapafu yenye makovu baada ya TB. Maswali mawili: kikohozi hiki kinaambukiza wenzangu bwenini? Na je, nikimbie au nisikimbie? Mwanafunzi*

Kovu haliambukizi. TB ndiyo inayoambukiza, kwa hiyo kikohozi kikibadilika, yaani homa, jasho, kukonda, peleka makohozi siku hiyo na ulale mbali na wenzako mpaka majibu yatoke. Vinginevyo kunywa nao chai.

Kukimbia, anza kwa kutembea. Pale Mulago waliwahi kuwachukua watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na TB wakawafanyisha mazoezi kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki, na vifaa visivyo vya gharama. Walipomaliza walikuwa wanatembea mbali zaidi na wanaishi vizuri zaidi, na makovu yakiwa ni yaleyale. Kilichoimarika ni misuli. Nawe fanya hivi: kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, urudie mpaka mapaja yaseme. Jaza maji chupa mbili, uzinyanyue juu ya mabega. Tembea njia ya tambarare. Ukitembea na bado unaweza kusema sentensi nzima, ongeza mwendo. Ukibaki na neno mojamoja, simama, inama kidogo, mikono juu ya magoti, toa pumzi polepole kupitia midomo uliyoibana, kisha endelea. Ukipata salbutamoli na inakufaa, vuta robo saa kabla. Damu ikitoka kwenye makohozi, mazoezi yasimame siku hiyohiyo na uende hospitali.